Friji imechoka, ankara zimepanda, akiba hakuna: nianzie wapi?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na karatasi mbili mkononi, ankara ya maji na ankara ya umeme, na zote mbili zimepanda kwa mwezi mmoja. Nyumbani tuko watu watano, hatujaongezeka. Mita ya maji ilizoea kusoma uniti 9 kwa mwezi, mwezi uliopita imesoma 14. Bomba la jikoni linadondosha, hilo nalijua. Lakini tone moja moja linaweza kweli kumaliza uniti tano?

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni friji. Ni ya milango miwili, friza iko juu, ile ambayo kuta zake hazigandi barafu, na ina miaka saba. Friza inagandisha kama kawaida, ila huku chini maziwa yanachacha ndani ya siku moja na mboga zinanyauka. Injini hainyamazi usiku wala mchana. Tulimwita fundi, akaichukua, akakaa nayo siku mbili, akatuambia gesi ilikuwa imekwisha na ameijaza. Ilirudi nzima kabisa. Baada ya wiki tatu ikaanza yale yale. Tulipompigia akasema gesi imevuja tena, kwa hiyo tulipe tena.

Mume wangu amechoka. Ameona friji mpya ya mkopo: unatoa kianzio, halafu malipo kumi na mawili ya kila mwezi. Anasema kila lipo ni dogo, wala hatutalisikia. Mimi nina wasiwasi, maana akiba tuliyokuwa nayo ilikwenda kwa fundi yule, na sasa hata pasi imeanza kutoa cheche pale waya unapoingilia. Sijui nishike lipi niache lipi. Na baba watoto nimwambie nini bila kugombana?

Ni mimi,
Niliyezidiwa

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mfululizo huo. Barua yako umeiandika kwa makini kiasi kwamba nusu ya jibu imo ndani yake.

Kabla ya pesa, pasi. Ichomoe leo na uiweke mahali ambapo hakuna atakayeichomeka kwa kusahau. Cheche za shingoni maana yake nyuzi za shaba ndani ya waya zimekatika kwa kukunjwakunjwa. Zilizobaki ni chache, na hizo chache zinabeba mzigo wote wa pasi, ambao kwa kawaida ni wati 1,000 au zaidi. Joto linajikusanya hapo hapo, na plastiki ikishayeyuka kinachofuata ni shoti au moto. Utepe mweusi hautibu kitu. Tiba ni kukata kipande chote kibovu, sentimita 10 kupita palipoharibika, kisha kuziunganisha upya nyaya zote tatu kwenye skrubu zake za ndani. Ule wa kijani na njano lazima urudi kwenye bati la pasi, kwa kuwa ndio unaokukinga siku bati litakapopata umeme. Kama sehemu iliyobaki nayo imechakaa, nunua waya wa pasi hasa, uliovikwa kitambaa kinachostahimili joto. Kwa fundi umeme hiyo ni kazi ya nusu saa, na kama hujawahi kuifanya, mwachie yeye. Kwa sasa nguo zikung'ute kwa nguvu na uzinyooshe kwa mkono unapozianika. Mikunjo mingi itaondoka yenyewe.

Sasa pesa. Vitu vikiharibika kwa mpigo, macho hukimbilia kile kikubwa, na kwako ni friji. Mimi ningeanza na choo, ingawa hukukitaja hata kwa neno moja. Hoja yangu ni kwamba kinachokula pesa mkiwa mmelala ndicho kitangulie, hasa kama dawa yake ni kijipande cha mpira.

Uniti moja ya maji ni lita 1,000. Uniti zako tano za ziada ni lita 5,000 kwa mwezi, kama lita 167 kwa siku, sawa na karibu lita 7 kila saa. Weka kikombe chini ya lile bomba la jikoni uone. Kama kikombe cha mililita 250 kinajaa kwa nusu saa, bomba linamwaga nusu lita kwa saa, lita 12 kwa siku, lita 360 kwa mwezi. Ni hasara, ila ni kama theluthi moja tu ya uniti. Mwizi mkubwa yuko kwingine. Lita saba kila saa, sakafu kavu, ukuta mkavu: maji ya namna hiyo hupita kimya kutoka tanki la choo hadi kwenye bakuli, na kutoka hapo yanakwenda zake.

Anza na mita ili usije ukabomoa choo kisicho na kosa. Usiku watu wakishalala funga mabomba yote, andika namba za mita hadi zile nyekundu za mwisho, na mtu yeyote asivute choo. Soma tena alfajiri. Kama nyumba ina tanki la akiba juu, hakikisha limejaa kabisa kabla ya kusoma, la sivyo utakuwa unapima tanki linalojazwa. Namba zikiwa zimesogea, funga koki kuu ya kuingiza maji ndani ya nyumba na uangalie mita kwa dakika chache. Ikiendelea kuzunguka koki ikiwa imefungwa, bomba limepasuka chini ya ardhi kati ya mita na nyumba, na hapo mwite fundi bomba. Ikisimama, mvujo uko ndani.

Fungua kifuniko cha tanki la choo, mimina humo glasi ya chai ya rangi iliyokolea au matone ya rangi ya chakula, ufunike, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, umemkamata. Sasa mpime anaiba kiasi gani. Funga koki ndogo inayolisha tanki, piga mstari wa penseli ndani ya tanki pale maji yalipofika, na urudi baada ya dakika 30. Tuseme tanki lako kwa ndani lina urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 15. Kila sentimita moja ya maji inayoshuka ni mililita 600. Yakishuka sentimita 5, umepoteza lita 3 kwa nusu saa, lita 6 kwa saa, lita 144 kwa siku, lita 4,320 kwa mwezi. Ongeza zile 360 za jikoni, unapata 4,680. Uniti tano zako ndizo hizo, zimepungua kidogo tu.

Kuna njia mbili za maji kutoka kwenye tanki na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni juu: kama maji yanafika hadi kwenye mdomo wa bomba la kufurikia, lile bomba la wima lililo katikati, yanamwagika humo bila kukoma. Boya limekaa juu mno. Libane kwa skrubu yake, au kama ni la mkono wa chuma ukunje mkono huo kidogo kuelekea chini, mpaka maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Kama maji hayasimami hata ukiliinua boya kwa mkono, basi ni vali ya kuingiza maji iliyochakaa au iliyoingia mchanga.

Njia ya pili, ambayo kwako naishuku zaidi, ni ya chini: kizibo cha mpira. Maji yakiwa yamefungwa, vuta choo tanki libaki tupu, kisha kipitishe kidole kwenye mpira. Kidole kikitoka cheusi, au mpira ukiwa umejikunja pembeni, umekufa. Ukiwa laini na mzima, tatizo ni magadi yaliyoganda kwenye ukingo unapokalia. Yaloweshe kwa kitambaa chenye siki kwa nusu saa na uyasugue taratibu bila kukwangua kwa chuma. Siki isikutane na dawa yoyote ya klorini, kwa sababu zikichanganyika zinatoa gesi inayochoma mapafu. Choo chako kikiwa cha kitufe, shika mnara wote wa katikati na uuzungushe robo mzunguko, utachomoka. Chini yake kuna pete ya silikoni. Mara nyingi ukiigeuza tu, upande uliokuwa juu ukae chini, unapata muda mwingine wa kutosha kabla ya kununua mpya. Ukienda kununua beba ile ya zamani mkononi, kwa kuwa vipimo vinatofautiana na ukikosea kwa milimita mbili unarudi kulipa tena. Kwa kizibo cha mnyororo, acha ulegevu wa kama sentimita moja. Ukiwa mfupi mno unakiinua kizibo, ukiwa mrefu mno unajibana chini yake.

Na vile vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa kwenye tanki ili maji yanukie, achana navyo. Vinakaa vikiutafuna mpira usiku kucha, kisha watu hushangaa kwa nini kizibo hakidumu.

Bomba la jikoni ni jambo dogo. Funga maji, fungua bomba liishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu zisitumbukie, ng'oa mpini, legeza nati kwa spana, badilisha washa, yaani kile kipira cha duara kinachoziba maji. Kama bado linadondosha na washa mpya, kikalio chake cha shaba kimelika na fundi bomba ana kifaa cha kukisaga upya.

Haya, friji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani mlilipia gesi ambayo haikuwa imekwisha.

Gesi ya friji haiishi kwa kutumika kama ya jiko. Imefungiwa ndani ya mabomba yake tangu kiwandani, na ikipungua maana yake kuna tundu. Kujaza bila kutafuta tundu ni kumimina maji kwenye mtungi uliopasuka. Lakini hata hilo silioni kwako. Friji ya aina yenu ina sehemu moja tu inayotengeneza baridi, nayo imefichwa nyuma ya ukuta wa plastiki wa friza. Feni ndogo inavuta hewa kupitia hapo, nyingi inabaki friza, na kidogo inateremshwa chini kupitia njia nyembamba. Gesi ingekuwa imekwisha, friza nayo ingelegea. Friza ikigandisha vizuri na chini kukawa na joto, karibu kila mara hewa ndiyo isiyopita.

Na kinachoizuia ni barafu. Kila mlango unapofunguliwa mvuke unaingia na kuganda juu ya kile kipoozaji kilichofichwa. Ndiyo maana chini yake kuna hita. Kila baada ya saa kadhaa kompresa, yaani ile injini, inazimwa, hita inawaka kama dakika 20 au 30, barafu inayeyuka, na maji yanateremka kwa mrija hadi kwenye trei iliyo nyuma juu ya kompresa, ambako yanakauka kwa joto lake. Mfumo huo ukikatika mahali popote, barafu inajijenga siku baada ya siku mpaka inaziba njia ya hewa. Chini kunapata joto, kidhibiti kinaiambia kompresa iendelee, nayo inaendelea bila kupumzika. Injini isiyonyamaza ndiyo hiyo, na ankara ya umeme imepandia hapo hapo.

Sasa mfikirie tena fundi wako. Alikaa nayo siku mbili, ikiwa imechomolewa, pengine na milango wazi. Barafu yote iliyokuwa imeziba ikayeyuka. Ingepona hata kama angeiegesha tu ukutani bila kuigusa. Zile wiki tatu ndizo ambazo barafu ilihitaji kujijenga upya. Simwiti mwizi, huenda aliamini alichosema, ila msimlipe mara ya pili kwa maelezo yale yale.

Hakikisheni wenyewe, haigharimu kitu. Siku mbili kabla, gandisha chupa kadhaa za maji kwenye friza, ukiacha kama sehemu moja ya kumi ya chupa wazi, maana maji yakiganda yanatanuka. Maliza vilivyo rahisi kuharibika. Siku yenyewe hamishia vilivyoganda kwenye sanduku la kuhifadhi baridi au ndoo yenye kifuniko iliyozungushiwa blanketi, nyama katikati, chupa za barafu pembeni na juu. Chomoa friji, fungua milango yote miwili, tandika mataulo, uiache saa 24. Ukitaka kuharakisha, weka sufuria ya maji moto ndani ya friza, chini yake pakiwa na kitambaa. Kisu, bisibisi na nyundo vikae mbali. Tundu moja kwenye bomba la kipoozaji, na hapo gesi itakuwa imekwisha kweli.

Chakula cha friji ya chini, yaani maziwa, mayai yaliyopikwa, mabaki, kisikae zaidi ya saa 2 nje ya baridi ya nyuzi 5, na siku ya joto kali, nyuzi 32 kwenda juu, saa 1 tu. Kunusa hakukulindi, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havina harufu. Hesabu hizo hizo zikusaidie umeme ukikatika siku nyingine: friji isiyofunguliwa inahifadhi baridi kama saa 4, friza iliyojaa kama saa 48, iliyojaa nusu kama saa 24.

Wakati friji iko tupu fanya haya mengine. Tafuta tundu dogo la kutolea maji, kwa kawaida liko nyuma, sakafuni mwa friza au mwisho wa mfereji, na ulipigie maji ya vuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka uyasikie yakidondoka kwenye trei ya nyuma. Likiwa limeziba, maji ya kuyeyusha yanaganda tena pale pale, na hilo pekee linaweza kuwa chanzo cha balaa lote. Osha mpira wa mlango kwa maji ya sabuni ya vuguvugu, kisha bana karatasi kati ya mpira na fremu, funga, uvute. Inapotoka bila kukaza, mvuke unaingilia hapo. Mpira uliobonyea mara nyingi hurudi ukiupasha kwa kitambaa kilichochovywa maji moto na kuuvuta taratibu kwa vidole. Inua miguu ya mbele ya friji kidogo ili mlango uwe unajifunga wenyewe. Nyuma, sugua vumbi kwenye mabomba meusi kwa brashi laini, kama yako nje, na uisogeze friji isiuguse ukuta, sentimita 10 zinatosha.

Washa, iache tupu saa kadhaa ipate baridi, ndipo urudishe chakula. Weka glasi ya maji rafu ya katikati ikiwa na kipimajoto ndani usiku kucha. Chini isome nyuzi 4 au 5, na friza ishuke karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri. Andika tarehe kwenye karatasi, ibandike mlangoni, usubiri.

Kama baridi ya chini imerudi, umethibitisha ni barafu. Kama haikurudi hata siku hiyo, bonyeza kwa kidole kile kitufe cha mlango huku mlango uko wazi na usikilize. Pakiwa kimya kabisa wakati kompresa inafanya kazi, feni imekufa. Na kama sehemu zote mbili hazipati baridi, ndipo unaanza kuzungumza habari za kompresa au gesi.

Tatizo likirudi baada ya siku chache tu, rudi kwenye mpira wa mlango. Likirudi baada ya wiki mbili tatu kama mwanzo, mwite fundi mwingine na umwambie kwa maneno haya: "Njoo upime mfumo wa kuyeyusha barafu: hita, swichi ya baridi, fyuzi ya joto na taima." Bei ya kifaa na bei ya kazi azitaje mbalimbali. Umakini wake uuone kwenye ile swichi ya baridi, kile kidude cha duara kilichobanwa kwenye bomba la kipoozaji. Hiyo hujiunga ikiwa imeganda tu. Ukiipima kwenye joto la chumba itaonekana imekatika hata kama ni nzima, na nyingi zimetupwa kwa kosa hilo. Lazima ikae kwanza kwenye barafu yenye chumvi au ndani ya friza inayofanya kazi, ndipo ipimwe. Friji zenye bodi ya kielektroniki hutumia kihisi badala yake, na kipimo chake ni kingine. Fundi yeyote akisema tena gesi, muulize tundu liko wapi, akuonyeshe povu la sabuni linapotoa malengelenge. Nyuma ya friji kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na gramu zake. Kikisema R600a, gesi hiyo inawaka moto, na fundi anayeanza kazi bila hata kukisoma kibandiko hicho mrudishe alikotoka.

Hata fundi mkimkosa, au kifaa kikichelewa, hamjakwama. Barafu yenu inahitaji wiki tatu kuziba. Basi kila baada ya siku 14, usiku mmoja, hamisheni chakula kwenye baridi kama nilivyoeleza, chomoeni friji na kuacha milango wazi kwa muda wa saa 10 hadi 12. Ni usumbufu, sikatai. Lakini mnaweza kuishi hivyo miezi mingi, na umeme utashuka. Piga hesabu: kompresa ya wati 150 isiyozimika inakula uniti 3.6 kwa siku, yaani 108 kwa mwezi. Kompresa hiyo hiyo ikifanya kazi theluthi ya muda inakula uniti 36. Ya kwenu isomeni kwenye mita usiku, vingine vyote vikiwa vimechomolewa, kisha asubuhi.

Sasa baba watoto. Usimwambie hapana, kwa sababu ana haki ya kuchoka. Mwombe wiki nne, za kufanya jaribio hilo, na mkae na karatasi ya mkopo mezani. Tuseme bei ya taslimu ni 1,000, ongezeni sifuri mnazotaka. Kianzio 200, malipo 12 ya 95. Jumla ni 1,340. Muuzaji atasema nyongeza ni 340 kwa kitu cha 1,000. Si kweli. Mlishatoa 200, kwa hiyo mlikopeshwa 800, na 340 ni ya hizo 800. Isitoshe hamkai na hizo 800 mwaka mzima, mnazipunguza kila mwezi, ila riba ilishapigwa tangu mwanzo kana kwamba hamkupunguza. Ukiipima kwa deni linalobaki, ni karibu asilimia 6 kila mwezi. Ulizeni pia friji ni ya nani mpaka lipo la mwisho, na mkichelewa mwezi mmoja inakuwaje. Kuna mikataba ambayo wanakuja kuichukua hata mkiwa mmebakiza malipo mawili.

Kisha igeuzeni hesabu hiyo hiyo. Kama kweli hamtazisikia 95 kwa mwezi, ziwekeni wenyewe kuanzia mwezi huu. Siku ambayo kile kianzio cha 200 kingepatikana, nacho kiingie humo. Kwa miezi tisa mnakuwa na 1,055, bei ya taslimu imetimia na miezi mitatu ya malipo hamna. Na friji ya miaka saba, wakati nyingi huishi miaka 10 hadi 15, ikitengenezwa kwa hita au swichi tu, huenda mkafika mwezi wa tisa mkaona hamna haja ya kununua. Mimi kipimo changu ni hiki: matengenezo yakipita nusu ya bei ya friji mpya, au ikiwa kompresa yenyewe ndiyo imekufa na friji ina zaidi ya miaka kumi, siitengenezi. Ya kwenu haijafika huko.

Pesa ya kuanzia mfuko huo iko chooni. Uniti tano za maji na zile za umeme zilizookolewa, zihesabuni kwa bei mnayolipa ninyi, na tofauti kati ya ankara ya mwezi huu na ile ijayo iwekeni siku hiyo hiyo ankara inapofika, kabla haijayeyukia kwenye matumizi mengine.

Ukishapima tanki niandikie: urefu na upana wake kwa ndani, maji yameshuka sentimita ngapi, kwa dakika ngapi. Na tarehe uliyoibandika kwenye mlango wa friji.

Shangazi yako